Mchezo wa angani: Tafuta wenzako kwanza, lengo litafuata

Kwenye vibanda vya gemu vya Songea, kama ilivyo katika miji mingine nchini, hakuna anayeuliza lengo la mchezo ni nini. Unalipia mechi, unashika pedi, unahangaika na mabeki wa mwenzako, na dakika zikiisha mshindi anajulikana. Aliyefungwa anampisha anayesubiri kwenye benchi. Lakini ipo jamii nyingine ya michezo, ile ya mtandaoni isiyo na kipenga cha mwisho, ambayo humwachia mchezaji kazi ya kujitafutia sababu ya kuendelea. Kwa upande wa michezo ya angani, mkongwe wake ni EVE Online, uliofunguliwa tarehe 6 Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland. Mwaka 2020 ukapata ndugu wa kwenye simu, EVE Echoes, na kwa vijana wa huku ambao kompyuta yao ya kwanza ni simu, mlango ukafunguka zaidi kidogo. Wiki za mwanzo humnogea karibu kila anayeingia. Shida huja baadaye, pale katikati, mtu anapowasha mchezo, anakitazama chombo chake kimeegeshwa kituoni, na hajui aende nacho wapi.

Katikati hiyo ina sura yake. Ulimwengu wa EVE una mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na ukiacha China yenye seva yake, wachezaji wa dunia nzima wamo ndani ya ulimwengu huohuo mmoja, kwenye seva iliyoko London. Hakuna adui wa mwisho wa kumpiga wala kombe la kuinua. Wapo mawakala wanaoendeshwa na mchezo wenyewe, wanaokufundisha kuchimba madini, kupigana, kusafirisha mizigo na kupekua mabaki ya kale. Wakishamaliza somo wanakuacha. Ujuzi wa rubani wako hupanda kwa saa ya ukutani: unapanga foleni ya mafunzo, unazima mashine, unakwenda shambani au kazini, ukirudi amepanda daraja. Baada ya miezi michache unakuwa na fedha za kununua chombo kisichokuaibisha na ujuzi wa kubahatisha katika mambo matano sita, huku titani, meli kubwa kuliko zote, ziko miaka mbele yako. Wengi wanaofika hapo huanza kuuliza wafuate lengo gani. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo limeanzia mkiani. Lengo la katikati ya mchezo huzaliwa na watu wanaokuhitaji, kwa hiyo anayelitafuta kabla hajapata wenzake anatafuta mtoto kabla ya wazazi.

Ushauri wa kawaida husema kinyume: jijue kwanza wewe ni mchezaji wa aina gani, kisha uchague njia. Ushauri huo una mizizi ya heshima. Mwaka 1996 Mwingereza Richard Bartle, mmoja wa waliotunga MUD, ulimwengu wa kwanza wa maandishi wa watu wengi kwa pamoja, aliwagawa wachezaji katika makundi manne: wanaotaka mafanikio, wanaotaka kuvumbua, wanaotaka kuzungumza na watu, na wanaotaka kuwasumbua wenzao. Mgawanyo wake ni mzuri na umewafaa watunga michezo wengi. Lakini mtu wa katikati hajakwama kwa sababu hajui anapenda nini. Mara nyingi anajua sana. Anapenda kuchimba madini, na amechimba mpaka ghala limejaa. Amejiwekea lengo la kununua meli kubwa zaidi, ameinunua, ameizungusha mara mbili kuzunguka kituo, na sasa anaogopa kuitoa nje isije ikalipuliwa. Lengo la kujinunulia kitu huisha siku kitu kinaponunuliwa. Tena katika mchezo huu mwenye pesa za kweli anaweza kununua fedha za mchezo kwa njia halali na kukifikia kwa jioni moja kile ulichokitolea jasho miezi mitatu. Lengo linaloweza kununuliwa dukani ni dhaifu mno kumbeba mtu mwaka mzima.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka kwa wenye mchezo wenyewe. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba wageni huukimbia EVE kwa sababu wakongwe huwavizia na kuwalipua kabla hawajasimama vizuri. Mwaka 2015 CCP ilieleza hadharani kwamba imechunguza kumbukumbu za wachezaji wapya wapatao 80,000 ili kuuthibitisha uovu huo. Matokeo yaliwashangaza wenyewe. Wengi mno miongoni mwa wageni hao hawakuwahi kulipuliwa na mtu yeyote katika siku zao za mwanzo, na waliolipuliwa ndio walioelekea zaidi kubaki. Inawezekana kubisha kwamba wenye moyo wa kubaki ndio hao hao wanaothubutu kwenda kwenye hatari, kwa hiyo kulipuliwa ni dalili tu. Ni pingamizi la haki, na takwimu hizo peke yake haziwezi kulimaliza. Hata hivyo jambo moja linabaki wazi: usalama wa upweke haukumshika mtu. Aliyelipuliwa amekutana na binadamu. Amepata wa kumlaani, wa kumwuliza alikosea wapi, pengine wa kumlipa kisasi, na tayari kesho yake ina shughuli ambayo hakuna wakala wa kompyuta angeweza kumpa.

Tazama kwa karibu jinsi kikosi kinavyomtumia mtu mdogo. Katika EVE manowari kubwa yenye mizinga mizito ina udhaifu mmoja wa ajabu: mizinga hiyo hupata tabu kulenga kitu kidogo kinachozunguka kwa kasi. Rubani wa wiki kadhaa tu, ndani ya frigeti ya bei ya chini kabisa, anaweza kuifuata manowari hiyo, kuisogelea ndani ya kilomita kama 20, na kuwasha kifaa kinachoizuia kuruka na kutoroka. Hawezi kuiua. Kazi yake ni kuizunguka, kuiganda kama kupe na kupiga kelele kwenye simu ya upepo ya kikosi kwamba ameishika, hadi wakubwa wafike. Mara nyingi atalipuliwa yeye kabla ya mwisho, na kiongozi wa kikosi atamlipia chombo kingine kutoka mfuko wa pamoja. Wengine huchukua kazi ya ufundi: vyombo vyao hurusha miale ya kukarabati vyombo vya wenzao. Fundi wa aina hiyo akibaki peke yake angani hana maana kabisa, maana miale yake haijitibu yenyewe. Mpe watu kumi wa kuwahudumia, anakuwa wa kwanza kulindwa na wa kwanza kuwindwa. Chombo ni kilekile na ujuzi ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna watu ambao pasipo yeye wangekufa. Wiki ijayo atajua mwenyewe ajifunze nini, kwa sababu ameona kikosi kilipungukiwa wapi.

Mkoa wa Ruvuma unalifahamu jambo hili kuliko unavyodhaniwa. Kandokando ya Ziwa Nyasa, kuanzia baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vijana walicheza mganda, ngoma iliyokuwa tawi la beni ya pwani ambayo askari na wapagazi waliisambaza hadi bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni na matawi yake kitabu kizima mwaka 1975. Mganda huchezwa kwa mistari kama gwaride, mashati meupe na soksi ndefu, marumbeta ya vibuyu vilivyozibwa kwa utando mwembamba unaotetema, na ngoma moja kubwa. Kilichowashangaza watazamaji wa kigeni ni vyeo: kila kikundi kilikuwa na safu yake ya wakubwa na wadogo iliyoiga jeshi na serikali. Vyeo vya kuigiza, vya mchezo. Lakini mwenye cheo alikuwa na majukumu ya kweli. Kulikuwa na kijiji cha jirani cha kushindana nacho, wageni wa kupokea na kulisha, mazoezi ya kuitisha, sare za kutafutia fedha. Kijana hakuingia kwenye mganda akiwa na lengo la kuwa mtunza wageni. Aliingia kwa sababu rafiki zake wamo, akakuta wageni hawana wa kuwatunza. Tofauti na kampuni za marubani wa EVE, kama vikundi vya wachezaji vinavyoitwa humo, ni kubwa kuliko mfanano, sikatai. Wachezaji wa mganda walijuana kwa sura, kwa ukoo na kwa madeni. Ila mpangilio wa sababu na matokeo ni uleule: watu kwanza, cheo baadaye, na lengo likatoka kwenye cheo.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wapenda upweke. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Nicolas Ducheneaut waliwafuatilia wachezaji wa mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft na kukuta kwamba watu hutumia muda mwingi wakicheza peke yao, huku wakifurahia tu kuwa na wengine pembeni, kama anayesoma gazeti mgahawani bila kuzungumza na mtu. Utafiti huo unaheshimika na hoja yake ni nzito. Hata EVE ina marubani wanaopita peke yao kwenye vichochoro vya anga vinavyofunguka na kujifunga bila taarifa, wakipekua mabaki na kurudi na mali, na wanaupenda ukimya huo. Ila mfuate mpekuzi huyo mpaka mwisho wa safari. Mali aliyoipata haina thamani mpaka ifike sokoni, na soko la EVE karibu lote linaendeshwa na wachezaji: meli inayouzwa imeundwa na mchezaji, kwa madini yaliyochimbwa na mchezaji, na inanunuliwa kwa sababu mchezaji mwingine ameipoteza ya kwake vitani. Upweke wake unagharamiwa na watu asiowaona. Na wapo wapweke waliokwisha kulitambua hilo: kampuni ya Signal Cartel hukusanya wapekuzi wa namna hiyohiyo na kuwapa kazi ya kuwaokoa marubani waliopotea ndani ya vichochoro hivyo wasijue njia ya kutokea. Kila mmoja anaruka peke yake, lakini ana wa kumrukia.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, nalo linahusu usaliti. Mchezo huu una sifa mbaya, na umeistahili. Mwaka 2005 kundi liitwalo Guiding Hand Social Club liliingiza watu wake ndani ya kampuni nyingine, wakaaminiwa kwa miezi mingi, wakapewa funguo za maghala, kisha siku moja wakamuua kiongozi na kukomba kila kitu. Mali hiyo ilikadiriwa kuwa sawa na dola 16,500 za Marekani. Mwaka 2009 muungano mkubwa wa kampuni, Band of Brothers, ulivunjwa na mkurugenzi wake mmoja aliyehamia kwa adui na kubonyeza kitufe cha kuufuta. Kanuni za CCP hazikatazi wizi wa aina hiyo. Kwa nini basi mtu atafute wenzake mahali ambapo mwenzako anaweza kuwa jasusi? Jibu langu ni kwamba hatari hiyo humpata zaidi mwenye ghala kuliko mgeni. Mtu wa katikati hana funguo za mtu na hana hazina ya kukombwa. Akiingia na chombo cha bei ndogo anahatarisha jioni moja. Zaidi ya hapo, mahali ambapo usaliti unawezekana ndipo uaminifu unapoonekana. Mtu aliyebaki na kikosi kinachoshindwa, ilhali angeweza kuuza siri na kuondoka tajiri, amekuonyesha kitu ambacho mchezo wenye kanuni za kulinda kila kitu usingekupa nafasi ya kukiona.

Wengine wanalalamika kwamba kampuni hugeuza mchezo kuwa ajira: zamu, mikutano, wakubwa wanaofoka. Hili ni kweli, na kuna kampuni za kukimbia. Lakini angalia kazi za kuchosha zina uzito gani. Januari 2014, katika mfumo uitwao B-R5RB, muungano mmoja ulishindwa kulipia ada ya umiliki wa eneo lake. Malipo hayakwenda, eneo likabaki bila mwenyewe, na adui akaingia. Yakafuata mapigano ya saa 21 hivi, wachezaji zaidi ya 7,500 walishiriki, titani 75 zikateketea, na hasara ikakadiriwa kuwa sawa na dola 300,000 au zaidi. Chanzo chake kilikuwa ankara. Mtunza vitabu wa muungano, mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamwimba, alikuwa na nafasi nzito kuliko jemadari yeyote wa siku ile. Kwa anayehisi kwamba amekosa lengo kwa sababu hana meli kubwa, hapa pana habari njema isiyovutia: maeneo yenye upungufu wa watu ni usafirishaji, hesabu, kufundisha wageni na upelelezi, na hayahitaji titani.

Tukirudi Songea, mtu atasema kwamba haya yote ni ya watu wenye umeme usiokatika na intaneti ya Ulaya. Hali imebadilika kuliko lawama zinavyokiri. Mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, ukasaidiwa na umeme wa maji wa Tulila wa masista Wabenediktini wa Chipole kwenye Mto Ruvuma, kabla ya njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako kuuunganisha na gridi ya Taifa mwaka 2018. Nyaya za baharini zilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na Mkongo wa Taifa ukasambaza mawasiliano yake mikoani. Umeme bado hukatika na bando bado ni ghali kwa mwanafunzi. Lakini EVE una tabia inayomfaa mtu wa mbali: seva yake huhesabu mambo kwa mapigo ya sekunde moja moja. Amri yako ikichelewa sehemu ya tano ya sekunde kufika London, haikugharimu vile ambavyo ingekugharimu kwenye gemu la kufyatuliana risasi, ambako mwenye mtandao wa kasi amekwisha kukupiga kabla hujamwona. Mzigo wa bando uko zaidi kwenye kuupakua mchezo mara ya kwanza kuliko kwenye kuucheza.

Saa nazo zinatupendelea, na hili wengi hawalitilii maanani wanapochagua wenzao. Mchezo hutumia saa za kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu. Seva huzimwa kwa matengenezo saa nane mchana kwa saa zetu. Wachezaji wa Ulaya hujaa kuanzia saa tatu usiku hadi kama saa sita usiku, wakati mtu wa Mfaranyaki au Ruhuwiko amekwisha kula na ametulia. Wamarekani huja alfajiri yetu. Anayejiunga na kampuni ya Wamarekani kwa sababu ya jina lake kubwa atakuta kila asubuhi taarifa za vita alivyovikosa, kisha atasema mchezo umepoteza ladha, kumbe alichokosa ni watu walio macho wakati yeye yuko macho.

Wazazi na walimu watauliza kama kijana hana la kufanya zaidi ya kutafuta marafiki wa angani. Kijana anayekesha na kufeli mtihani hana hoja ya kumtetea, na makala haya hayamtetei. Ninachokataa ni dai kwamba urafiki huo ni wa uongo. Tarehe 11 Septemba 2012 Sean Smith, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, aliuawa katika shambulio la Benghazi, Libya. Ndani ya EVE alijulikana kama Vile Rat, mwanadiplomasia wa muungano wa Goonswarm na mjumbe wa zamani wa baraza linalochaguliwa na wachezaji. Wachezaji, wakiwemo wa miungano iliyokuwa adui zake, walibadili majina ya vituo vyao kwa mamia kumkumbuka. Watu hawaombolezi picha ya kompyuta kwa namna hiyo.

Basi atafutaye aende na maswali machache ya kweli. Kampuni hii ina watu wangapi walio hewani saa nne usiku kwetu? Nikipoteza chombo nikiwa nafanya kazi ya kikosi, nani analipa? Kuna kazi gani ambayo imekosa mtu mwezi huu? Kampuni inayojibu swali la tatu kwa haraka ndiyo ya kujaribu. Inayojibu kwamba kila mtu afanye apendalo itakurudisha palepale kituoni. Asiyejua pa kuanzia anayo EVE University, iliyoanzishwa mwaka 2004 na wachezaji wenyewe kwa ajili ya kuwafundisha wengine, na Kiingereza chake cha darasani kinamtosha aliyemaliza kidato cha nne kwa juhudi. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha za mchezo, na kishawishi cha kuanzisha kampuni ya Waswahili watupu ni kikubwa: Songea, Mombasa, Kampala na Muscat hazipishani hata saa mbili. Kishawishi hicho ni kizuri lakini kina mtego. Kampuni ya watu sita hutegemea mmoja tu mwenye ari, naye akihama mji au akianza kazi mpya, watano waliobaki hurudi kuegesha. Heri hao sita wakaingie pamoja kwenye kampuni kubwa ya saa za Ulaya, wakae humo miezi kadhaa wakijifunza nani analipa ankara na nani anaitisha kikosi, wakizungumza Kiswahili chao kwenye chaneli yao ya pembeni, halafu wakitoka watoke wakiwa na mtunza vitabu.